Kiburi, Adui Aketiye Kiti cha Mbele Kanisani

Wahenga walinena kwamba kiburi si maungwana. Neno hilo ni fupi, na kila mtu hulikubali upesi linaponenwa juu ya jirani yake. Shida huanza pale linapomhusu msikilizaji mwenyewe. Mlevi hujulikana kwa mwendo wake, mwizi hujulikana siku atakapokamatwa, na mvivu hujulikana kwa shamba lake lililojaa magugu. Lakini mwenye kiburi aweza kuishi miaka mingi akihesabiwa kuwa mtu mwema. Aweza kushika ufunguo wa sanduku la sadaka, na kusoma somo la Jumapili kwa sauti nzuri, asijulikane na mtu yeyote ila Mungu wake na watu wa nyumbani kwake. Ndiyo sababu walimu wa Kanisa tangu zamani wamekihesabu kiburi kuwa mzizi wa dhambi nyingine zote. Magugu yaliyo juu ya ardhi hung'olewa kwa mkono, bali mzizi ulio chini huchipuka tena mvua ikinyesha.

Mtu wa namna hii yupo karibu katika kila kanisa. Jina lake halina haja. Na aitwe karani tu. Amesoma, ana kazi ya ofisini, mshahara wake hauchelewi, na nyumba yake ni ya mawe yenye paa la mabati. Kanisani yeye ni mzee wa kanisa, naye huketi kiti cha mbele. Ana kaka yake mkubwa, mkulima, aketiye nyuma kabisa karibu na mlango. Kwa miaka mitatu ndugu hawa wawili wamepokea meza moja ya Bwana, na kwa miaka hiyo mitatu hawajapeana mkono.

Chanzo cha ugomvi ni mpaka wa shamba walilorithi kwa baba yao. Kipande wanachogombania upana wake ni hatua nne tu, hata ng'ombe mmoja hawezi kushiba humo. Baba alipanda mti wa mpaka. Mti ukakauka, ukaanguka, na kila mmoja akasema ulikuwa upande huu au upande ule. Karani aliandika barua, akawaita wazee, akanena mbele yao kwa ufasaha mwingi. Kaka yake hakuwa na maneno mengi. Wazee wakampa karani kipande kile, kwa kuwa aliyenena vizuri alionekana kuwa ndiye mwenye haki.

Mwaka uliofuata, karani alipokuwa akichimba shimo la kupanda mchungwa, jembe lake liligonga kisiki cha zamani ndani ya udongo. Kilikuwa kisiki cha mti ule wa baba, nacho kilikuwa mahali pale pale alipopasema kaka yake. Karani akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Akarudisha udongo, akaukanyaga kwa kiatu, akaenda nyumbani kunywa chai.

Jambo lililoufunga moyo wake halikuwa hatua nne za ardhi, maana aliweza kununua mara kumi ya hizo. Kaka yake aliacha shule katika darasa la nne, akashika jembe, akauza mbuzi wake mmoja baada ya mwingine ili mdogo wake alipiwe karo. Kila cheti alichonacho karani kilinunuliwa kwa jasho la mtu yule aketiye karibu na mlango. Karani alilijua hilo, na kwa kuwa alilijua, hakuweza kustahimili kwenda kwake na kusema, "Nimekosa." Mtu huwa radhi kumwomba radhi mkubwa wake ofisini hata mara tatu kwa siku, lakini kumwomba radhi yule aliyembeba mgongoni ni mlima mrefu. Hivyo ndivyo kiburi kifanyavyo kazi. Humfanya mtu aione aibu ile deni ambayo ilimpasa kuishukuru.

Biblia inayo habari nyingi za watu waliopatwa na ugonjwa huo. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alitembea juu ya jumba lake akijisifu kwa mji alioujenga, na neno lilikuwa lingali kinywani mwake alipoondolewa akili na kula majani pamoja na wanyama wa kondeni. Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa na ukoma, akasafiri mbali na fedha na dhahabu na mavazi ya kifahari ili aponywe. Nabii Elisha hakutoka hata mlangoni kumlaki. Alimtuma mjumbe tu kumwambia aende akajichovye mara saba katika mto Yordani. Naamani akakasirika. Alitaka nabii atoke mwenyewe na kusimama mbele yake, tena aliona kwamba mito ya kwao Dameski ilikuwa bora kuliko mto ule mdogo. Akageuka aende zake pamoja na ukoma wake.

Katika habari ile inafaa kuwaangalia wale waliomwokoa Naamani. Aliyemwambia kwanza habari za nabii alikuwa kijakazi, mtoto wa kike aliyetekwa vitani. Waliomsihi arudi mtoni walikuwa watumishi wake. Kila hatua ya kupona kwake ilitoka katika kinywa cha mtu mdogo, na kama asingeinama kuwasikiliza wadogo hao, jemadari yule angezikwa na heshima zake zote na ukoma wake mwilini. Mwenye kiburi hukosa dawa, kwa sababu mara nyingi dawa huletwa na mtu asiyemhesabu kuwa mtu.

Bwana Yesu mwenyewe alitoa mfano wa watu wawili waliopanda hekaluni kusali, Mfarisayo na mtoza ushuru. Wengi husoma mfano ule upesi na kumdhania Mfarisayo kuwa mnafiki mtupu. Lakini katika mfano ule hakuna asemaye kwamba Mfarisayo alidanganya. Alifunga kweli, alitoa zaka kweli, na hakuwa mnyang'anyi wala mzinzi. Kosa lake lilikuwa kwamba alichukua mambo mema aliyoyatenda akayafanya kuwa ngazi ya kumtazamia mwenzake kutoka juu. Mtu aweza kupotea kwa njia ya wema wake kama vile mwingine apoteavyo kwa njia ya uovu wake. Na usiku ule wa mwisho, wanafunzi walipokuwa wakishindana nani aliye mkubwa, Bwana Yesu alivua vazi lake, akajifunga kitambaa, akawaosha miguu, hata miguu ya yule ambaye angemsaliti kabla ya mapambazuko.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya zamani, ya nchi za mbali. Basi na autazame mfano wa Afrika. Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda aliyezaliwa karibu na mwaka 1864. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata alikwenda kuhubiri Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi ambayo baadaye ilihesabiwa kuwa ya Kongo. Mtawala wa huko, Tabaro, hakumpenda. Watu walikatazwa kumpa chakula, naye akalima mwenyewe. Alipigwa, na nyumba yake ikachomwa moto. Siku moja mwanamke mmoja wa jamaa ya mtawala alijikwaa majanini akachomwa na mkuki, akafa. Apolo akashitakiwa kwa mauaji ambayo hakuyatenda, akafungwa kamba, akapelekwa Toro na kutiwa gerezani.

Alipofunguliwa hakuitafuta haki yake wala hakuomba kupelekwa mahali penye heshima zaidi. Alirudi Mboga, kwa watu wale wale waliompiga. Mwishowe Tabaro mwenyewe akabatizwa. Mwaka 1922 Apolo alifanywa Kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, cheo ambacho kingetosha kumfanya mtu mwingine ajenge nyumba kubwa Kampala na kuwaachia wengine msitu. Yeye akarudi msituni kuwafundisha Wambuti, ambao majirani zao wengi waliwadharau. Alijenga kwa mikono yake, akalima, akafundisha kusoma. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliagiza kwamba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kuwa ishara kwamba kazi yake huko haijaisha.

Mtu asikosee akadhani kwamba unyenyekevu wa Apolo ulikuwa unyonge. Mnyonge angekimbia mara ya kwanza alipopigwa. Hapa ndipo wengi wamepotoka katika nchi zilizotawaliwa na wageni. Waliambiwa kwamba mnyenyekevu ni yule anyamazaye akionewa, avuaye kofia upesi, asemaye "ndiyo, Bwana" kwa kila jambo. Hiyo ni hofu iliyovaa kanzu ya dini. Mwenye hofu huinama kwa sababu fimbo iko juu yake, na fimbo ikiondoka, yeye huitafuta fimbo ya kuwapigia walio chini yake. Mnyenyekevu huinama kwa hiari yake, hata pale ambapo hakuna awezaye kumlazimisha.

Tofauti hiyo ilionekana wazi katika uamsho ulioenea Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 watu wawili walikutana katika kilima cha Namirembe. Mmoja alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini katika Rwanda, naye alikuwa amechoka mwili na roho. Wa pili alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda aliyeajiriwa na Serikali katika kazi ya afya, ambaye alikuwa amevunjika moyo kwa kukosa nafasi ya kwenda masomoni ng'ambo. Mmoja alikuwa na elimu ya Cambridge, na wa pili alikuwa na uchungu wa kunyimwa elimu kama hiyo. Wangeweza kutazamana kama watu wa namna yao walivyozoea kutazamana wakati ule, mmoja kwa kujiona na mwenziwe kwa chuki. Badala yake walisoma Maandiko pamoja na kusali kama ndugu. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa Gahini, watu wakaanza kusimama mmoja baada ya mwingine na kuziungama dhambi zao. Mwaka 1937 ujumbe huo uliletwa Kabete katika Kenya. Jambo lililowashangaza wengi lilikuwa kumwona Mzungu akimwomba Mwafrika radhi, na Mwafrika akimwomba Mzungu, bila kujali nani aliye na cheo.

Miongoni mwa waliobadilika alikuwa Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi, ambaye baadaye alikuwa Askofu. Baada ya kuokoka mwaka 1941, alikumbuka kwamba alikuwa akimchukia Mzungu mmoja. Pengine alikuwa na sababu zake, na wengi wangemwambia kwamba ndiye aliyestahili kuombwa radhi. Hata hivyo alipanda baiskeli, akaenda mwendo wa kama maili 50 mpaka nyumbani kwa Mzungu yule, akamweleza chuki yake na kumwomba amsamehe. Ni nani aliyemlazimisha? Hakuna sheria iliyomtaka aende, wala Mzungu yule hakuwa amemwita. Mtu aliyekwenda vile hakwenda kama mtumwa. Miaka mingi baadaye, mwezi Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa katika Uganda, Kivengere alilazimika kuvuka milima kwa miguu pamoja na mkewe na kukimbilia Rwanda. Mwaka ule ule alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Aliyejizoeza kuinama kwa jambo dogo alipata nguvu ya kusimama katika jambo kubwa.

Lakini hata kati ya walioamshwa, kiburi hakikukosa mlango. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Mukono, pamoja na William Nagenda, walifukuzwa. Walikuwa wakiamka usiku wa manane kusali na kuhubiri, na wakuu wa chuo waliwakataza. Wakuu waliwaona wanafunzi kuwa waasi wajionao watakatifu, na wanafunzi waliwaona wakuu kuwa watu waliopoa imani. Kila upande ulikiona kiburi katika jicho la upande wa pili. Mwenye kuungama dhambi zake huweza kufika mahali akaanza kuwahesabu wale wasioungama kama yeye, na siku hiyo amekuwa Mfarisayo aliyevaa nguo za mtoza ushuru. Hakuna kiburi kigumu kutibika kama cha mtu ajivuniaye unyenyekevu wake.

Sasa habari ya karani na irudiwe. Jumapili moja zamu ya kusoma somo ilikuwa yake, na somo lilikuwa lile la Naamani. Alilisoma kama kawaida yake, kwa sauti nzuri. Alipofika pale watumishi wanapomsihi bwana wao, aliinua macho bila kukusudia, akamwona kaka yake karibu na mlango, mikono yake mikubwa imewekwa juu ya magoti. Karani akakosea mstari. Watu walidhani ni taa hafifu.

Jioni ile alimwambia mkewe kwamba atatembea kidogo. Alipita shamba la mahindi, akavuka kile kipande cha hatua nne, akasimama mlangoni pa kaka yake. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Alibisha hodi. Mlango ukafunguliwa.

"Kaka," alisema, "nilikiona kisiki cha mti wa baba. Nilikiona mwaka juzi, nikakifukia. Ardhi ile ni yako. Nimekukosea, na niliwadanganya wazee kwa kunyamaza."

Kaka yake alinyamaza kitambo. Hakukumbusha habari za mbuzi, wala habari za karo, wala za barua. Kisha alisema, "Ingia ndani, kuna baridi. Watoto bado hawajala."

Kesho yake alfajiri, kabla karani hajakwenda ofisini, walikifukua kisiki kile pamoja na kupanda mti mwingine mahali pake. Halafu karani aliwaendea wale wazee walioamua shauri, akawaeleza ukweli, kwa sababu uongo ulionenwa mbele ya wazee hauondolewi kwa kunong'onezana nyumbani.

Wiki ile moyo wake ulikuwa mwepesi sana, hata akaanza kuyapanga maneno ya kuwaambia watu wote kanisani Jumapili ijayo: jinsi alivyokuwa, jinsi alivyoshuka, na jinsi wengine nao yawapasavyo kushuka. Alimsomea mkewe maneno hayo. Mkewe alikuwa akichagua maharagwe. Akamwuliza, "Baba, uliyemkosea amekwisha kusikia. Wazee uliowadanganya nao wamekwisha kusikia. Hawa wengine watasikia nini, kosa lako au sifa yako?" Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Karani akaikunja karatasi ile na kuiweka mfukoni. Jumapili ilipofika, alifanya jambo moja tu. Alikwenda kuketi karibu na mlango, kando ya kaka yake.

Katika kisa hicho yamo mafundisho machache yanayomfaa kila Mkristo, awe mkulima au karani, mwalimu au mzee wa kanisa. La kwanza, unyenyekevu haupimwi kwa namna mtu anavyoongea na Mungu katika sala, bali kwa namna anavyoongea na ndugu yake aliyemkosea. Ni rahisi kujiita mwenye dhambi mbele ya kanisa zima, kwa kuwa kila mtu hufanya hivyo. Ni vigumu kuitaja dhambi moja kwa jina lake mbele ya mtu mmoja.

La pili, elimu na cheo ni dhamana. Aliyepewa kalamu alipewa na wale walioshika jembe, na aliyepewa kiti cha mbele alipewa ili awaone vizuri walio nyuma. Mtama uliojaa punje huinamisha kichwa, na ule ulio mtupu husimama wima shambani ukitikiswa na kila upepo. Mkulima anapopita huitazama miche yake, naye hujua mara moja wapi patakuwa na mavuno.

La tatu, mtu asingoje mpaka aaibishwe. Nebukadreza aliinamishwa kwa nguvu, na Naamani aliinama baada ya kusihiwa. Heri yule ainamaye kabla hajasukumwa, maana mpanda ngazi hushuka, na ashukaye kwa hiari yake huchagua mahali pa kuweka mguu.

Basi msomaji na ajiulize leo, kabla jua halijatua: yuko nani aketiye karibu na mlango ambaye hajampa mkono? Na chini ya udongo wa shamba lake, ni kisiki gani alichokifukia? Njia ya kwenda kwa ndugu huyo pengine si maili 50. Pengine ni hatua nne tu.